Nani Aliunuia Utando wa Mguu wa Mbwa?

Mshike mbwa yeyote mguu wa mbele, mpanue vidole taratibu, utaona ngozi nyembamba iliyotanda kutoka kidole kimoja hadi kingine. Wa polisi bandarini anayo, anayefukuza ngedere kwenye shamba la mahindi anayo, na koko wa jalalani pia anayo. Wanatofautiana kwa kiasi tu. Kwa wengine ngozi hiyo inaishia karibu na shina la kidole, kwa wengine inafika mbele kabisa, karibu na makucha.

Mimi naijua kwa sababu ya kupe. Nimekuwa afisa mifugo Pangani na vijiji vyake mpaka nikastaafu, na kupe hupenda kukaa mahali ambapo mwenye mbwa hatazami: ndani ya sikio, chini ya mkia, na hapo kwenye utando. Unabonyeza unyayo kwa kidole gumba kutoka chini, vidole vinafunguka vyenyewe, na kupe aliyeshiba damu anaonekana amejibana pembeni kama punje ya mbarika. Ukimtoa vibaya anaacha mdomo ndani ya ngozi, pakavimba usaha, na mbwa akachechemea wiki nzima. Kwa hiyo unalazimika kutazama kwa makini. Juu pana manyoya, chini manyoya yanapungua, na kwa mbwa mwenye ngozi nyeupe ukielekeza mguu kwenye jua unaona vijishipa vya damu. Ni mahali palipo hai sana. Mbwa mpole kuliko wote huvuta mguu ukimgusa hapo.

Katika kampeni moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto walikuwa wamepanga foleni na mbwa wao kwa kamba za katani, na mwalimu kijana wa madrasa amesimama kando, kanzu ameikusanya isiguswe. Akaniona nikipanua vidole vya jike mmoja mwekundu.

"Mzee," akaniuliza, "hiyo ngozi ya bata, mnyama wa nchi kavu kapewa ya nini?"

"Ustadhi," nikamwambia, "hilo swali halijibiwi mtu akiwa na sindano mkononi."

Ninamjibu sasa. Jibu la haraka sote tunalijua na sisi wawili tunaliamini: Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Ila jibu hilo, likitolewa upesi, humfanya mtu aache kutazama, nami naona kutazama ni sehemu ya imani yenyewe.

Utando wa mbwa unaonekana vizuri ukiwa kazini, na kazi hiyo iko mbali na huku kwetu. Upande wa mashariki wa Kanada kuna kisiwa cha Newfoundland, ambako bahari ni ya baridi kiasi kwamba mtu aliyetumbukia hana muda mrefu wa kuishi. Wavuvi wa huko walifuga mbwa wakubwa, aghalabu weusi, ambao dume lao hufikia kilo 60 na zaidi, wenye manyoya ya tabaka mbili na mafuta yasiyoruhusu maji kupenya hadi kwenye ngozi. Mbwa hao walivuta nyavu, walipeleka kamba pwani kutoka kwenye mashua, na waliokoa watu. Mbwa huyo akisukuma maji nyuma anatanua vidole na utando unakaza. Akiurudisha mguu mbele anavifumba. Kutoka kisiwa hicho hicho walitoka mbwa wadogo zaidi wa majini, wakapelekwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na hao ndio mababu wa Labrador tunayemwona leo akinusa mizigo kwenye viwanja vya ndege. Jina limetaja Labrador, lakini asili yake ni Newfoundland.

Mwaka 1868 Charles Darwin alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jinsi wanyama na mimea wanavyobadilika chini ya mikono ya wafugaji. Ndani yake anaeleza jinsi alivyopanua vidole vya mbwa wawili wa Newfoundland na vya terrier wawili na kuvitazama kwa upande wa chini. Kwa wale wa Newfoundland, ngozi ilikwenda karibu moja kwa moja kutoka kidole hadi kidole. Kwa terrier ilikuwa imeingia ndani sana. Kazi hiyo naifahamu, kwa kuwa niliifanya maisha yangu yote kwa sababu nyingine. Kisha akaandika jambo ambalo nimelifikiria zaidi ya lolote lingine kitabuni humo: kwamba twaweza kuwa na hakika hapana mtu aliyewahi kumchagua mbwa wa majini kwa kupima ngozi ya vidole vyake. Watu waliwatunza na kuwazalisha wale waliofanya kazi vizuri majini. Kwa kufanya hivyo, bila kujua, walikuwa wakichagua vidole vyenye utando mkubwa zaidi kidogo, kizazi baada ya kizazi.

Tutue hapo kidogo. Mvuvi alitaka mbwa atakayerudi na kamba mdomoni. Miguu hakuitazama. Mbwa aliyerudi akala vizuri na akazalishwa; aliyechoka njiani hakuacha uzao. Baada ya miaka mingi kikapatikana kiungo kilichofaa kwa kazi, na kati ya watu wote waliokitengeneza hakuna hata mmoja aliyekinuia. Sisi Waislamu tumelelewa na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Je, kazi iliyofanyika pasipo nia ya mfanyaji ni ya nani?

Kuna ngazi ya chini zaidi, ndani ya tumbo la mama. Mguu wa mbwa hauanzi ukiwa na vidole ambavyo baadaye vinaunganishwa na ngozi. Unaanza ukiwa kibamba kimoja bapa, na ndivyo unavyoanza mkono wako na wangu. Kisha seli zilizo katikati zinapokea amri ya kufa. Zinakufa kwa utaratibu, pole pole, na nafasi zinazobaki ndizo zinazotenganisha vidole. Kwa binadamu kazi hiyo inakuwa imekwisha kabla mimba haijafikisha miezi mitatu. Kwa bata, protini iitwayo Gremlin huzuia amri hiyo isizifikie zile seli za katikati, na ngozi inabaki. Kwa popo kinga ya namna hiyo hiyo huiacha ngozi baina ya vidole virefu, na hiyo ngozi ndiyo bawa lake. Mtoto mmoja kati ya watoto 2,000 hadi 3,000 huzaliwa na vidole vilivyoshikana, vya mguuni au vya mkononi, kwa sababu kifo hicho hakikukamilika. Bibi zetu husema ndivyo Mungu alivyomuumba, na hawajakosea.

Nilipoyasoma haya nilitetemeka kwa furaha. Vidole ninavyoshikia kalamu nimevipata kwa kuondolewa, na utando wa bata umepatikana kwa kuachwa. Anayedhani kuumba ni kuongeza tu hajawaza vya kutosha.

Wapo wanaoogopa maelezo ya namna hii. Huona kwamba kila sababu ikijulikana, Mungu anasogezwa nyuma hatua moja. Hofu hiyo ni ya zamani kuliko Darwin, na wanazuoni wetu waliikabili. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alichukua mfano wa pamba na moto katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Tunaona pamba inaguswa na moto na inaungua. Macho yetu yanashuhudia mambo mawili yakifuatana. Hayashuhudii kwamba moto ndio mtendaji. Mtendaji kwa al-Ghazali ni Mungu, na mfuatano ule ni desturi Aliyoiweka. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwa ukali kwamba anayekana sababu anaikana akili na elimu yote. Kwa tabia ya kazi yangu naegemea kwa Ibn Rushd. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, kichaa cha mbwa kinakosa njia ya kuendelea. Nimewapigia watu hodi alfajiri kwa kuiamini sababu hiyo. Hata hivyo wote wawili walikuwa watu wa swala. Ubishi wao ulihusu namna Mungu anavyotenda, na hapana aliyeona kwamba kujua namna ni kumfukuza Mtendaji.

Hatari ninayoiona mimi iko upande wa pili, kwa wale wanaokimbilia kuushika utando na kuufanya hoja. Mwaka 1802 kasisi wa Kiingereza, William Paley, aliandika kitabu mashuhuri cha kumthibitisha Mungu kwa maumbile: ukiokota saa njiani utajua ina mtengenezaji, na kiungo cha mnyama kimeundwa kwa ustadi kuliko saa. Hoja inavutia, hata mihadhara yetu ya misikitini huirudia bila kumtaja mwenyewe. Lakini ukiijenga imani juu ya kufaa kwa kiungo, utafanya nini na kiungo kisichofaa? Darwin, katika kitabu chake cha 1859, aliwataja mabata bukini wa nyanda za juu wenye miguu ya utando ambao ni nadra kukaribia maji. Akataja pia ndege mdogo wa mitoni anayezama na kutafuta chakula chini ya maji, na vidole vyake havina utando wowote. Nami nimewaona mbwa wa kawaida kabisa wakiogelea kwenye vijito vya mikoko karibu na mdomo wa Mto Pangani, wakifuata mtumbwi wa bwana wao, pua juu, na vidole vyao ni vya kawaida. Umbo lipo bila kazi, na kazi ipo bila umbo. Anayetaka kumthibitisha Mungu kwa mguu wa bata ajiandae kueleza bata bukini wa mlimani. Mimi sikumjua Mola wangu kwa njia hiyo, na simshauri kijana yeyote aanzie hapo.

Swali gumu zaidi liko mwishoni mwa kile kitabu cha 1868, na nalo linahusu mbwa. Darwin alikuwa na rafiki Marekani, Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mkristo mwaminifu, aliyekuwa akiamini kwamba mabadiliko madogo ya wanyama yameongozwa na Mungu kuelekea manufaa. Darwin akamuuliza, kwa heshima kubwa na maumivu yanayoonekana: je, Mungu ndiye aliyepanga mwili na tabia ya mbwa ibadilike ili binadamu ampate mbwa mkali asiyerudi nyuma, mwenye taya la kumng'ang'ania fahali, kwa ajili ya mchezo wa kikatili? Alikuwa akisema juu ya buldogi. Waingereza kwa karne nyingi walimfunga fahali kwenye nguzo na kumwachia mbwa amng'ate pua mpaka alale chini, watu wakishangilia na kuwekeana dau. Bunge lao lilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Darwin akasema ukikataa kwamba Mungu aliliongoza taya hilo, huna msingi wa kusema aliyaongoza mengine.

Naliheshimu swali hili, na nasema wazi kwamba Darwin alimshinda Gray. Huwezi kumpa Mungu utando wa Newfoundland kwa sababu unaokoa watu, kisha ukamnyima taya la buldogi kwa sababu linatia aibu. Vyote viwili vimepita mlango mmoja: tofauti ndogo katika uzao, na mkono wa mtu unaochagua.

Ila Gray hakuwa na kitu ambacho sisi tumefundishwa tangu chuoni. Maimamu wetu wa Kiash'ari wanasema kitendo kinaumbwa na Mungu, na mja anakichuma. Huko kuchuma wanakuita kasbi, na ndiko kunakohesabiwa. Wengi waliona fundisho hilo ni fumbo lisiloeleweka. Mimi lilinieleza mbwa. Uwezekano wa utando na uwezekano wa taya vyote ni viumbe vya Mungu, na hakuna kimojawapo chenye dhambi. Mvuvi aliyesema "huyu ndiye nitakayemzalisha, kwa kuwa jana alimtoa mtu majini" alichuma jambo. Mchezesha fahali aliyesema "huyu, kwa kuwa jana hakuachia hata alipovunjwa mguu" naye alichuma jambo. Mungu aliumba njia zote mbili na kuacha uchaguzi uitwe kwa jina la aliyechagua. Ukiuliza kwa nini Aliziumba zote mbili, nakwambia hilo ndilo swali la kila kisu na kila ulimi. Halikuanza kwa mbwa, na Darwin hakulizidisha uzito.

Narudi kwenye nia. Yule mvuvi hakuunuia utando, hivyo naona hana sifa kwa ajili ya utando. Ana sifa kwa alichokinuia, mnyama wa kusaidia na kuokoa. Mchezesha fahali naye hakunuia yaliyompata buldogi baadaye. Mchezo ulipokatazwa, wafugaji wakaendelea kumchagua kwa sura: kichwa kipana zaidi, pua fupi zaidi. Leo wengi wa mbwa hao huzaliwa kwa upasuaji, kwa kuwa kichwa cha mtoto ni kikubwa na nyonga za mama ni nyembamba. Hupumua kwa shida hata wakiwa wamelala. Ukimtumbukiza kwenye maji ya kina kirefu, kichwa kinamzamisha, maana miguu ni mifupi na kifua ni kizito. Mwenye mbwa hukimbia kumtoa. Wafugaji wale wa kwanza tuwaache na Mola wao. Hawakujua vichwa na nyonga vingefikia wapi. Wa leo anajua. Madaktari wa mifugo wamesema, wameandika, wamepima. Anayemzalisha jike asiyeweza kuzaa bila kisu ananuia kisu, hata asipokitamka. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na nitaitoa mbele ya yeyote.

Najua kuna ndugu wa pwani watakaoniuliza: Mzee, haya yote kwa mbwa? Mnyama najisi? Mimi ni Shafii kama wao. Mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na ndoo ya udongo safi nilikuwa nayo kwenye pikipiki miaka yote ya kazi. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki wanamwona mbwa kuwa tohara, na hawajatoka kwenye dini. Hukumu ya najisi inahusu maandalizi yangu ya swala. Haisemi chochote juu ya stahili ya mnyama kutendewa wema. Qur'ani imeruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Na katika Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni wanatajwa pamoja na mbwa wao, naye ametajwa kwa mkao wake: ameinyoosha miguu ya mbele mlangoni. Niliposoma aya hiyo utotoni sikuitilia maanani. Baada ya miaka ya kushika miguu hiyo naisoma kwa unyenyekevu. Kitabu cha Mungu kimeona mguu wa mbwa unastahili kutajwa, na mimi ni nani niudharau?

Al-Jahiz wa Basra, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na sehemu ndefu ya kitabu hicho ni mjadala baina ya wanaomtetea mbwa na wanaomtetea jogoo. Alishambuliwa kwa kupoteza wino juu ya viumbe duni. Kwake yeye kiumbe kidogo kilikuwa na dalili ya kutosha kwa mwenye kutafakari. Ningependa mwanafunzi wa madrasa zetu ajue kwamba elimu hii ni yake. Haikuletwa na meli.

Kwa hiyo Ustadhi, jibu langu ni hili. Utando umeumbwa na Mungu kwa njia ya seli zilizoachwa zisife. Umekuzwa na watu waliotazama kazi na hawakutazama mguu. Kwa yule jike mwekundu wa Pangani unamsaidia kidogo akivuka tope la mikoko, na akikaa mwaka mzima bila kuingia majini haumdhuru. Hauhitaji kuwa na kazi kubwa ili uwe umeumbwa kwa haki. Sisi ndio wenye kudaiwa, kwa sababu sisi ndio tuliochagua.

Nina ombi kwa wanaoagiza mbwa wa kigeni, walioko Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Biashara hii imekua, na picha za watoto wa mbwa zinapita kwenye simu kila siku. Mbwa mwenye manyoya ya Newfoundland anateseka kwenye joto letu hata akilazwa chini ya feni, na mwenye pua fupi anateseka zaidi. Mbwa wetu wa asili analinda nyumba na shamba, anastahimili jua, na anazaa mwenyewe usiku bila kumwamsha mtu. Kama ni lazima ununue wa nje, muulize muuzaji maswali mawili: mama yake huzaa vipi, na wazee wake walichaguliwa kwa kazi gani? Akishindwa kukujibu, rudi na pesa zako nyumbani.